Pembe ya Nne ya Nyumba ya Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakusihi uniwahi, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo kaka yangu anakuja na gari kumchukua baba yetu kwa uongo, na uongo wenyewe nimeutunga mimi.

Nina miaka arobaini na moja. Kazi yangu ni kusaga vioo vya miwani katika duka la daktari wa macho. Mume wangu tuliachana kwa amani, na sasa naishi na binti yangu wa miaka kumi na saba pamoja na baba, katika nyumba aliyoijenga baba mwenyewe mwaka niliozaliwa. Baba ni fundi mwashi mstaafu mwenye miaka sabini na sita, na mtaa mzima wanamwita Timazi, jina la ule uzi wenye kipande cha chuma ambao waashi huutundika kuona kama ukuta umesimama wima, maana enzi zake watu walisema ukuta wake haukuhitaji kupimwa mara ya pili. Mama alitutoka miaka minne iliyopita.

Basi mshauri, ufa ulianza miaka mitatu nyuma katika chumba cha nyuma, kwenye pembe inayopakana na bafu, mwembamba kama unywele, baba akauziba kwa plasta na kuupaka rangi tukasahau, mwaka wa pili ukarudi akauziba tena, na mwaka huu umerudi na ndugu zake, umepanda ngazi kwa ngazi kufuata matofali mpaka chini ya dirisha, na mlango wa chumba hicho ukagoma kufunga, baba akaupiga randa mara mbili, na nadhani akiupiga ya tatu tutabaki na bawaba tu. Mimi kazi yangu ni ya milimita. Niliweka alama mbili za penseli pande zote za ufa, nikawa napima kila Jumapili baba akienda kuwasalimu wenzake. Kwa wiki tisa ufa ulipanuka milimita nne. Kwenye miwani, milimita nne ni mtu kuvuka barabara asione basi linakuja.

Nikaita mafundi. Wa kwanza alitazama ufa akiwa na kikombe cha chai mkononi, akasema atauchimba kidogo, ataujaza simenti nzito, na bei yake ilikuwa chini ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Wa pili alizunguka nyumba mara moja, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema tubomoe yote tujenge upya, na nilipopiga hesabu nikaona ningefanya kazi miaka sita bila kula. Wa tatu alikuwa mhandisi, mama mmoja wa makamo aliyevaa viatu vya mpira, na yeye alikataa kutaja bei yoyote. Alisema kwanza tumlipe achimbe mashimo aone msingi. Nilikasirika, mshauri, sikufichi, nikamwambia sijawahi kusikia mtu akilipia shimo. Akaniuliza kwa upole kama pale dukani kwetu tunamkatia mtu miwani kabla ya kumpima macho. Nikalipa.

Walichimba asubuhi ya Alhamisi, baba akiwa amekaa kwenye kiti uani. Pembe tatu za nyumba, msingi umeshuka mpaka kiunoni kwangu, mawe yamepangwa vizuri ajabu, yamekaa juu ya udongo mwekundu mgumu ambao sururu ilikuwa inaruka ikiugusa. Pembe ya nne, ile ya nyuma, msingi uliishia chini ya goti kidogo, juu ya udongo mweusi wa kujazia wenye makopo na vigae ndani yake, na bomba la maji ya bafu lilikuwa limepasuka pale pale, sijui tangu lini, likinywesha udongo huo kila tukioga. Mhandisi akasimama shimoni akasema, bila nia mbaya, "Aliyejenga pembe zile tatu ni fundi hasa. Hii ya nne sijui ni mkono wa nani."

Baba alinyanyuka kwenye kiti. Akasema, "Fukieni," akaingia ndani.

Makisio ya mhandisi yalikuja baada ya siku tatu, karatasi mbili ambazo nakuambatanishia hapa, na jumla yake ni mishahara yangu ya miezi kumi na minne. Mimi nina akiba ya miezi tisa, niliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja ili ninunue mashine yangu ya kusagia vioo nijitegemee. Naisoma karatasi ile siielewi. Sielewi kwa nini nyumba yenye kuta nzima, yenye paa zima, igharimu hivyo kwa ajili ya pembe moja, na pesa yote iende chini ya ardhi ambako hakuna mgeni atakayeiona.

Nilimwendea baba na karatasi hiyo. Nilimwambia ukuta unaondoka, baba, tutafute namna. Alikuwa anakunja blanketi lake, maana tangu mama afariki yeye ndiye anayelala chumba hicho cha nyuma. Hakuitazama hata karatasi. Akasema, "Chumba hiki nalala mimi. Kikianguka, kinajua wa kumwangukia."

Nilitoka na hasira nikaenda moja kwa moja kwa shangazi, dada yake baba, kumshtaki. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akaacha kuchambua mchele, akanieleza jambo ambalo katika miaka arobaini na moja hakuna aliyewahi kuniambia. Mwaka ule baba alikuwa amemaliza pembe tatu, na mawe na mifuko ya simenti ya pembe ya nne iko uani, mama akaanza kutokwa damu mimba ikiwa na miezi saba. Baba aliuza mawe. Aliuza na simenti. Nilizaliwa mdogo kiasi kwamba shangazi aliogopa kunishika, tukakaa hospitali wiki sita, na mvua zilikuwa mlangoni, na mwenye chumba walichopanga alikuwa anataka chumba chake. Baba akaimaliza pembe ya nne kwa siku mbili kwa vifaa alivyookota kwenye kazi za watu, ili mimi nitoke hospitali nikute paa.

Mshauri, nilipokuwa mtoto, kila msimu wa mvua baba alikuwa anahama chumba chake na mama na kwenda kulala peke yake kile cha nyuma. Sisi watoto tulihamishiwa mbele. Alisema anakoroma mvua ikinyesha. Tulimcheka miaka yote hiyo.

Sasa nifanye nini? Siwezi kumwambia kuwa najua, naona nitamvua nguo mbele ya watu. Kaka yangu, ambaye ni msimamizi wa ghala katika mji mwingine, anasema nyumba ni mawe tu na baba ni baba, tuuze kiwanja, yeye amchukue mzee, mimi nipange. Nilipokataa ndipo nikatunga hila hii: kaka aje amchukue baba "kumtembeza" mwezi mmoja, huku nyuma nichimbe, nijenge, nipige plasta na rangi ile ile, baba akirudi akute kama alivyoacha, asijue chochote. Kaka amekubali kwa shingo upande. Lakini silali vizuri. Je, nafanya vema? Na je, ni busara kuzika akiba ya miaka kumi na moja ardhini?

Mimi, binti wa fundi.

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani. Pole. Sasa kaa chini nikugombeze.

Kwanza, baba yako bado analala chumba kile? Umepima ufa wiki tisa, ukaniandikia kurasa sita, na mzee yuko humo. Mhamishe leo. Usimbembeleze kwa hoja za msingi na udongo. Mwambie wewe ndiye unayekosa usingizi, na asipohama utaleta godoro lako ulale miguuni pake. Atahama. Na bafu hilo lisitumike tena mpaka bomba lizibwe. Ogeni kwa ndoo nje kama ni lazima.

Pili, hiyo karatasi usiyoielewa. Nimempelekea jirani yangu aliyefanya kazi ya ujenzi miaka mingi, tukaisoma pamoja mezani kwangu. Kosa lako ni kutazama jumla. Isome kipande kimoja kimoja. Bomba na mtaro wa kuyapeleka maji mbali na nyumba ni mshahara wako wa mwezi mmoja na nusu, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kwa sababu maji ndiyo yanayoila nyumba yako. Ukiishia hapo tu, umeshaizuia nyumba isizidi kuzama haraka. Kushona nyufa na kuzikaza ni miezi miwili. Usimamizi wa mhandisi ni mmoja. Kuna mwezi na nusu wa dharura, maana hakuna ajuaye kilichoko chini mpaka achimbe, na ukikuta makisio ya msingi yasiyo na fungu la dharura, ujue aliyeandika anakudanganya au anajidanganya.

Imebaki miezi minane, na ndiyo inayokuuma. Hiyo ni kushusha pembe ya nne mpaka kwenye udongo mgumu huku nyumba imesimama juu yake. Jirani yangu alinieleza hivi: hawawezi kuchimba pembe nzima kwa siku moja, ukuta utaanguka. Wanachimba kipande cha hatua moja, wanamwaga zege, wanasubiri likauke na kushika, ndipo wanakwenda kipande cha mbali kidogo, si cha jirani yake. Vipande sita. Kila kipande kina kusubiri kwake, na mafundi wanakula hata siku za kusubiri. Kwa hiyo simenti ni sehemu ndogo. Unachonunua ni uangalifu na muda. Yule wa kwanza aliyekuja na kikombe cha chai hakuwa rahisi, binti. Angerudi kila mwaka na mfuko wake wa simenti. Wahenga walituambia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, lakini baba yako ameuziba mara mbili. Ufa wenu unaanzia chini. Na yule wa kubomoa alikuwa anatafuta kazi ya kujenga.

Je, ni busara? Uliza swali hilo kwa kalamu. Kupanga nyumba ya vyumba vitatu kwa miaka mitano kutakugharimu kiasi gani? Kiwanja chenye nyumba iliyopasuka kitauzwa bei gani, na mnunuzi akiona ule ufa atakata kiasi gani? Kaka yako naye afanye hesabu hiyo, kisha atoe nusu. Naye alihamishiwa mbele mvua zilipokuja. Usibebe mzigo wa watu wawili halafu ukalalamika mgongo unauma. Mashine yako itachelewa, sitakudanganya. Itachelewa, lakini utainunua.

Tatu, na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Hiyo hila yako iache. Unadhani mtu aliyepiga plasta miaka hamsini atarudi asijue? Atajua akiwa mlangoni, kwa harufu ya zege bichi. Ataweka kiganja ukutani na atajua siku, saa na fundi. Na atakaa kimya, kwa kuwa katika nyumba yenu ukimya ndio kazi mnayoijua kuliko zote. Yeye ameficha ili asikutwike. Wewe unaficha ili usimwaibishe. Mtafichana mpaka lini? Mficha maradhi kifo humuumbua, na ninyi mmeficha upendo kana kwamba ni maradhi.

Mwambie kuwa unajua. Usiseme umemsamehe, hakukukosea. Usiseme haikuwa kosa lake, ataona unamfariji kama mtoto. Sema asante, ukae, umwache aseme au asiseme.

Kisha mwombe kazi. Hutaki mzee mgonjwa wa kupelekwa matembezi. Unataka msimamizi. Mhandisi anajua hesabu za udongo, lakini nani atakaa uani toka asubuhi kuhakikisha zege halichanganywi kwa maji mengi? Mpe kiti, mpe kofia, mpe mamlaka.

Mkataba uandikwe. Lipa kwa hatua, kila kipande kikimalizika na mhandisi akakikagua, na sehemu ya mwisho uizuie mkononi mpaka mvua za kwanza zipite. Mpigie kaka yako kabla ya Jumamosi. Aje, lakini aje na nguo za kazi.

Na kazi ikiisha, niandikie.

ALIANDIKA TENA

Miezi mitano baadaye tulipata barua hii, na mwenyewe ameruhusu tuichapishe.

Mpendwa mshauri, baba alihama chumba siku ile ile. Nilileta godoro mlangoni kweli, akaliangalia, akachukua mto wake.

Kaka alifika Jumamosi. Tuliketi watatu sebuleni, binti yangu alikuwa shuleni kwa masomo ya ziada. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, yote yakanitoka. Nikasema, "Baba, shangazi ameniambia yale mawe yalikwenda wapi. Nataka kusema asante."

Kaka akawa anatazama sakafu. Kisha baba akasema kwamba alipanga kuichimba tena pembe ile nikianza kutembea. Nikaanza kutembea, kaka akaanza shule. Kaka akamaliza shule, mimi nikaanza. Halafu mama akaanza kuumwa. Kila mwaka kulikuwa na jambo, akasema, na kila mwaka nyumba ilisimama, mpaka akaanza kuamini kuwa labda imemsamehe. Aliposema hivyo kaka alinyanyuka akaenda jikoni, nikasikia maji yanafunguliwa, na alikaa huko kitambo. Aliporudi hakutaja tena kuuza. Aliuliza tunaanza lini.

Kazi ilichukua wiki kumi na moja. Kipande cha tatu kilitushinda siku nne, kwa sababu shimo la taka la zamani, lile la makopo na vigae, lilikuwa refu kuliko alivyodhani mhandisi, na fungu la dharura likaisha lote pale. Kaka alitoa nusu na zaidi kidogo. Baba alikaa uani kila siku na kofia yake, na siku ya pili tu alirudisha karai nzima ya zege akisema ni uji. Mafundi walinung'unika. Kufika wiki ya nne walikuwa wanamletea zege alitazame kabla hajaita. Mhandisi alikuja kipande cha mwisho, akashuka shimoni, akapiga goti akagusa udongo chini, akamwita baba. Tulimshusha mimi na kaka, mmoja kila upande. Aliusukuma udongo kwa kisigino mara mbili, akasema, "Umefika."

Mvua za kwanza zilinyesha wiki iliyopita siku tatu mfululizo. Nilipima asubuhi na jioni. Hakuna kitu, mshauri. Hata unywele.

Jana alasiri nilimlipa mhandisi fungu lililobaki. Baba alikuwa anakunywa chai barazani, akaniuliza kwa jumla imekuwa kiasi gani, kwa kuwa mpaka siku hiyo hakuwa ameuliza. Nilifikiri kumpunguzia, nikakumbuka ulivyonigombeza, nikamtajia yote mpaka ya mwisho.

Akaishika ile bei kichwani kwa muda, kama anaipima.

"Ni ghali," akasema.

Akamimina chai kidogo kwenye kisosi, akaipuliza.

"Lakini wewe ulikuwa ghali zaidi."